Simbakubwa alitoka Muhoroni, mbona shuleni hatukumsoma?

Jaribu hii leo jioni. Ukiwa umeketi na wasee wako pale Kondele, ama mkingoja matatu ijae, waulize: nani amewahi kusikia kuhusu Simbakubwa kutokaafrika? Mimi nimejaribu. Mmoja alidhani ni klabu ya kandanda ya Tanzania. Mwingine akaniuliza kama ni wimbo mpya wa gengetone. Hakuna aliyepata, na siwalaumu, kwa sababu hata mimi nimemjua juzi tu.

Simbakubwa ni jina rasmi la kisayansi la mnyama mla nyama aliyeishi takriban miaka milioni 22 iliyopita. Jina lenyewe ni Kiswahili kitupu, na 'kutokaafrika' imeandikwa kama neno moja kwa sababu majina ya kisayansi huandikwa hivyo. Mifupa yake, ikiwemo taya yenye meno ya kutisha, ilichimbwa mwishoni mwa miaka ya 1970 mahali panapoitwa Meswa Bridge, karibu na Muhoroni. Kisha ikakaa ndani ya droo ya Makavazi ya Kitaifa jijini Nairobi miaka nenda miaka rudi. Mtafiti Matthew Borths aliifungua droo ile akitafuta vitu vingine, akashtuka. Yeye na mwenzake Nancy Stevens wakamtangaza mnyama huyo kwa dunia mwaka wa 2019. Licha ya jina, hakuwa simba. Alikuwa wa kundi la kale la wala nyama ambalo leo halina hata mmoja aliyebaki. Kwa makadirio yao, huenda alikuwa mkubwa kuliko dubu wa barafuni.

Hiyo ni Muhoroni. Muhoroni ile ya miwa na matrekta. Mnyama ana jina ambalo hata nyanya yako angelielewa bila kamusi, na bado vijana wa hapa hapa hawamjui. Swali langu leo ni hilo: mbona?

Swali lililonishinda

Kwanza nikuambie mimi ni nani, usije ukadhani unamsoma profesa. Niliacha chuo nikiwa mwaka wa pili. Kozi yangu ilikuwa ya mambo ya mazingira. Karo ilichangia pakubwa, sitakudanganya. Lakini pia nilikuwa nimechoka. Ikolojia tulifunzwa ndani ya ukumbi wenye joto, mhadhiri akisoma noti za zamani, sisi tukinakili. Mfano wa msitu ulikuwa msitu wa mialoni kule Uingereza. Mfano wa mwindaji na windo ulikuwa paka-mwitu wa Kanada na sungura wa theluji. Mtihani ukija, unaandika maana ya 'mfumo wa ikolojia' neno kwa neno, unapata alama, unasahau. Miaka miwili, na hakuna siku hata moja tulitoka nje kuangalia chochote.

Sasa sikiliza kilichonipata. Desemba iliyopita nilienda matanga kisiwani Rusinga, kwa watu wa mamangu. Jioni moja akaja msichana wa Gredi ya Sita, jamaa yetu wa mbali. Alikuwa ameambiwa kwamba huyu anko wa Kisumu amesomea mazingira. Akafungua kiganja. Ndani kulikuwa na kitu kidogo, rangi ya kahawia, kigumu, chenye mifereji kama kokwa.

"Anko, hii ni tunda ama ni jiwe?"

Nilikiangalia sekunde mbili, simu ikiwa kwa mkono ule mwingine. "Ni jiwe hiyo. Tupa." Akatupa.

Usiku, muziki wa matanga ukiwa umenikatalia usingizi, nikaanza kusoma kuhusu Rusinga kwenye simu. Nilijua Tom Mboya amezikwa pale. Nilijua pia kwamba Mary Leakey alipata fuvu maarufu kisiwani humo. Nisichojua ni kwamba Rusinga ni mojawapo ya sehemu chache sana duniani ambapo unapata, katika tabaka zile zile za miamba, mifupa ya wanyama pamoja na matunda, mbegu na majani ya mimea ya wakati wao, vyote vikiwa vimegeuka mawe. Mwaka wa 1957 mtafiti Chesters alichapisha kazi nzima kuhusu mimea ya kale ya Rusinga, na sehemu kubwa ya ushahidi wake ilikuwa matunda na mbegu. Vidogo vidogo, vigumu, vyenye mifereji.

Nililala vibaya sana.

Kabla ya ziwa kulikuwa na mlima

Ukisimama Rusinga leo unaona maji kila upande, vichaka vya miiba, mbuzi na mashua za omena. Miaka milioni 18 iliyopita hilo ziwa halikuwepo. Kwa hesabu ya miamba, Ziwa Victoria ni kitoto: umri wake unakadiriwa kuwa miaka 400,000 hivi, na hata lilikauka likajaa tena yapata miaka 15,000 iliyopita. Palipo na visiwa leo palikuwa na miteremko ya volkeno kubwa iitwayo Kisingiri. Mabaki yake ni ile milima unayoiona ukigeuka upande wa Gwassi.

Volkeno ilikuwa ikilipuka, jivu linafunika kila kitu, kisha inatulia. Udongo unatengenezeka, msitu unaota, wanyama wanarudi. Halafu jivu tena. Kila tabaka likawa kama ukurasa. Na kwa sababu jivu lile lilikuwa na chokaa nyingi, lilihifadhi vitu ambavyo kwa kawaida huoza: majani, mbegu, hata wadudu.

Ndani ya kurasa hizo anaishi jamaa anayeitwa Ekembo. Alikuwa nyani wa kundi la sokwe, asiye na mkia, akitembea juu ya matawi kwa miguu minne. Kwa miaka mingi aliitwa Proconsul, na fuvu lake ndilo lile alilolipata Mary Leakey mwaka wa 1948, likasafirishwa kwa ndege hadi Uingereza, dunia ikashangilia. Mwaka wa 2015 watafiti waliwapa sokwe hawa wa Rusinga na Mfangano jina lao wenyewe, Ekembo, kutoka lugha ya Kisuba. Spishi moja inaitwa nyanzae, kwa ajili ya Nyanza. Nyingine inaitwa heseloni, kwa heshima ya Heselon Mukiri, Mkenya aliyefanya kazi na Louis Leakey kwa miongo kadhaa na kuchimba vingi kati ya visukuku ambavyo wengine walivipatia sifa.

Hebu hesabu nami. Simbakubwa: Kiswahili. Ekembo: Kisuba. Nyanzae: nyumbani kwetu. Heseloni: jina la mwenzetu. Yaani sayansi ilishaandika majina yetu kwa mifupa, lakini hakuna aliyekuja kutuambia.

Wanajuaje nani alikula nini?

Hapa ndipo mimi nilinaswa. Kumbe kuna watu ambao kazi yao ni kuuliza mimea ya kale na wanyama wa kale waliishi pamoja vipi. Nani alikula tunda la nani? Nani alilala ndani ya mti gani? Mti ulipotoweka, nani alienda nao? Hiyo ni ikolojia, ila darasa lake ni jiwe.

Njia ya kwanza ni meno. Anayekula matunda laini ana meno yenye umbo tofauti na anayetafuna majani au nyasi, na chakula huacha mikwaruzo midogo inayoonekana kwa hadubini. Meno ya Ekembo yanaonyesha alipenda matunda. Sasa weka meno hayo kando ya zile kokwa za Rusinga. Una mlaji, na una sahani yake.

Njia ya pili ni kuangalia mahali. Kuna sehemu Rusinga ambapo mifupa ilikutwa imejazana ndani ya kitu cha mviringo kama kisima. Mwanzoni ilidhaniwa ni shimo lililochongwa na mto. Baadaye ikaeleweka ulikuwa mti mkubwa wenye uwazi ndani ya shina, ambao ulijaa udongo kisha ukaoza na kuacha umbo lake. Ndani yake mlikuwa na Ekembo mdogo, nyoka, mijusi na wanyama wengine wadogo. Huenda mla nyama fulani aliutumia mti huo kama pango lake. Mti uliokufa miaka milioni 18 iliyopita bado unatuonyesha nani alikuwa mpangaji wake.

Mwaka wa 2014 timu iliyoongozwa na Lauren Michel ilieleza kuhusu visiki na mizizi ya miti, mahali pamoja na mabaki ya Ekembo, ndani ya udongo mmoja wa kale. Visiki vilikuwa karibu karibu kiasi kwamba matawi ya juu lazima yalikuwa yakigusana. Ule ulikuwa msitu mnene, si miti miwili mitatu ya kivuli.

Halafu hadithi ikageuka. Wengi wetu tulifunzwa kwamba Afrika Mashariki ilikuwa msitu mtupu, kisha baadaye sana nyasi zikaja, sokwe wakashuka mitini, mwisho wa habari. Mwezi Aprili 2023 jarida la Science lilichapisha utafiti kutoka maeneo 9 ya visukuku nchini Kenya na Uganda. Ulionyesha kwamba nyasi za aina ya savana zilikuwepo kwa wingi zaidi ya miaka milioni 10 kabla ya wakati uliodhaniwa. Kulikuwa na misitu sehemu fulani, nyasi sehemu nyingine, na miti iliyotawanyika kati yake, kama nguo ya viraka. Sokwe wa kale waliishi ndani ya viraka hivyo.

Wamejuaje kuhusu nyasi zilizooza zamani hivyo? Nyasi hutengeneza vijiwe vidogo sana ndani ya majani yake, vya dutu ile ile iliyo kwenye kioo. Jani likioza, vijiwe hubaki udongoni, na kila kundi la mimea lina umbo lake. Mmoja wa waandishi wa utafiti huo ni Dkt Rahab Kinyanjui wa Makavazi ya Kitaifa ya Kenya, na kusoma vijiwe hivyo ndiyo kazi yake. Tena nyasi za savana hutumia kaboni kwa njia tofauti na miti. Tofauti hiyo huingia kwenye udongo na kwenye meno ya anayezila, ikabaki pale. Na hizo nyasi si za ajabu. Mahindi ni ya kundi hilo. Mtama pia. Na miwa ya Muhoroni, ile inayoota juu ya makaburi ya akina Simbakubwa.

Kiboko wa Nyayanga na kiboko wa Dunga

Tuvuke sasa hadi bara, rasi ya Homa, Kaunti ya Homa Bay, tuje karibu zaidi na wakati wetu. Mahali panaitwa Nyayanga. Mwezi Februari 2023 timu ya Thomas Plummer, ikishirikiana na Makavazi ya Kitaifa, ilitangaza zana za mawe za kati ya miaka milioni 2.6 na milioni 3. Ni kati ya zana za zamani zaidi za aina yake duniani. Zilikutwa pamoja na mifupa ya viboko yenye alama za kukatwa. Zilitumika pia kuponda na kukata mimea. Mahali hapo pia palipatikana meno ya Paranthropus, jamaa wa ukoo wetu ambaye siye babu yetu wa moja kwa moja, na sasa watu wanabishana kama ni yeye aliyeshika mawe yale.

Angalia mnyororo. Kiboko anakula nyasi. Mtu, au jamaa wa mtu, anamkata kiboko kwa jiwe. Halafu njoo leo Dunga, au simama karibu na Impala Sanctuary usiku. Kiboko bado anatoka majini kwenda kula nyasi, anarudi na kinyesi chake kinarutubisha maji. Karibu miaka milioni 3, na mkataba kati ya nyasi na kiboko haujavunjwa. Ila sasa ufuo umezungushiwa ua, umejengwa hoteli na kulimwa mboga. Kiboko akikanyaga sukuma ya mtu tunasema ametuvamia.

Ndiyo maana nasema hii si habari ya mifupa tu. Ukielewa kwamba kila kiumbe kimefungwa na kingine, unaanza kuona Kisumu tofauti.

Chukua mbuta. Aliletwa ziwani miaka ya 1950 na 1960. Tunajua aliwamaliza fulu, wale samaki wadogo wa asili waliokuwa na mamia ya spishi. Lakini je, ulifunzwa kwamba alikata miti? Fulu na wenzao wadogo wangeweza kuanikwa juani. Mbuta ana mafuta mengi, haanikiki vizuri, lazima akaangwe au akaushwe kwa moshi. Moshi unataka kuni. Kwa hivyo samaki akaingia majini na miti ikaanguka nchi kavu.

Chukua gugumaji. Lilitoka Amerika Kusini, likafika ziwani mwishoni mwa miaka ya 1980, na kwa sababu wadudu wanaolila kwao hawakuja nalo, likafunika ghuba yetu hadi meli zikashindwa kutia nanga. Miaka ya 1990 wadudu wale wakaletwa kulitafuna. Ni mmea na mnyama waliokulia pamoja, wakatenganishwa, na sisi tukalipa.

Chukua mafunjo ya Dunga. Yanachuja uchafu unaotoka mjini, yanaficha samaki wachanga, na kuna ndege mwenye kifua chekundu ambaye makazi yake ni mafunjo tu. Ukiyakata yote ufungue plot, hatahamia Milimani. Ataisha.

Na chukua Mbita, ng'ambo ya daraja kutoka Rusinga. Huko kuna kituo cha ICIPE, taasisi ya utafiti wa wadudu iliyoanzishwa mwaka wa 1970 na Profesa Thomas Odhiambo, mtoto wa huku kwetu Nyanza. Watafiti wa Mbita walisaidia kubuni kilimo cha vuta-sukuma. Unapanda desmodiamu katikati ya mahindi, harufu yake inamfukuza nondo anayezaa viwavi vya kutoboa mabua. Pembezoni unapanda nyasi za kulisha ng'ombe, kama mabingobingo, zinazomvuta nondo huyo huyo. Zaidi ya hayo, desmodiamu inadhibiti kayongo, gugu lile la maua ya zambarau linalonyonya mahindi. Hakuna uchawi hapo. Mtu aliketi akauliza mmea gani unamwambia nini mdudu gani. Ni lile lile swali la Rusinga, ila safari hii jibu limeweka ugali mezani.

"Hiyo italeta unga?"

Najua utaniuliza hivyo, kwa sababu hata mimi niliuliza. Msee hana kazi, unamletea habari ya nyani wa miaka milioni 18?

Ndiyo, nakuletea. Kwanza, visukuku tayari vinalipa watu, ila mara nyingi sisi tunapata kazi ya kubeba tu. Watafiti huja kwa miezi michache, huajiri wapishi, madereva na wenyeji wenye macho makali ya kutambua mfupa juu ya kokoto. Watu hao ni hodari kuliko komredi yeyote mwenye digrii. Kile wanachojua hakifunzwi mahali popote, na wakizeeka kinaenda nao. Mbona mtoto wa Rusinga asianze kama mtafutaji, amalize kama yule anayeandika utafiti?

Pili, utalii. Mgeni akija Kisumu tunampeleka kula samaki, tunampiga picha machweo, basi. Kuna Koru na Songhor, kuna kisiwa cha Maboko chenye visukuku vya tumbili wa miaka milioni 15 hivi, kuna Nyayanga na Kanjera, kuna Rusinga. Hiyo ni safari ya siku 4 ambayo nchi nyingi zingeililia. Lakini mwongozaji asiyejua tofauti kati ya tunda na jiwe ataongoza nini? Mimi ningeaibika kabisa.

Tatu, na hili ndilo linaloniuma, mambo haya yanapotea. Mvua ikinyesha, mmomonyoko hufichua visukuku. Mvua inayofuata huvipeleka ziwani. Ng'ombe wanavikanyaga, watu wanachimba mawe ya kujengea. Mwenyeji hawezi kulinda kitu ambacho hakuna aliyewahi kumwambia kipo. Mimi mwenyewe nilimwambia mtoto atupe.

Kuna pia wale watakaosema mambo ya mamilioni ya miaka yanagongana na kanisa. Sitaki ugomvi na mchungaji wako. Nenda tu ukaone jiwe lenye umbo la kokwa, ulishike kwa macho, kisha mkajadiliane Jumapili. Darasa zuri linaruhusu maswali hayo.

Tufanye nini basi?

Walimu wa Gredi ya 7 hadi ya 9, ninyi ndio mna nafasi. Mtaala wa CBC unasema mwanafunzi ajifunze kwa kutenda. Basi tokeni nje. Huhitaji basi la shule kila wakati. Mkuyu mmoja unatosha kwa muhula mzima. Pasua kuyu, uwaonyeshe kwamba maua yako ndani, na kwamba nyigu mdogo sana huingia humo kutaga mayai na kuchavusha. Mwambie mtoto ahesabu ndege wanaokuja kula, na afuate mbegu zinaangukia wapi. Nenda Kakamega, kilomita 50 hivi tu, uone kima na hondohondo wakipanda msitu kwa kula na kunya. Mtoto aliyeona hayo ukimwambia kuhusu Ekembo na matunda yake, anaelewa mara moja. Yule aliyenakili noti atanakili tena.

Kaunti za Kisumu na Homa Bay, hatuombi jumba la mabilioni. Mfangano wenyeji tayari wana makavazi yao ya Abasuba na wanaonyesha michoro ya mapangoni. Rusinga na Muhoroni zinaweza kuanza na chumba kimoja, nakala za visukuku, ramani, na kijana mmoja aliyefunzwa vizuri na anayelipwa kwa wakati. Makavazi ya Kisumu yamekuwepo tangu 1980, shule zinaenda kuona nyoka na samaki. Simbakubwa apewe ukuta wake pale.

Watafiti, wa hapa na wa ng'ambo, tunawaheshimu. Lakini kila msimu mkimaliza kuchimba, rudini shule iliyo karibu kabla ya kupanda ndege. Waambieni watoto, kwa Kiswahili na kwa Dholuo, mlipata nini kwenye shamba la babu yao. Saa moja tu. Mnatumia majina yetu, tumieni na masikio yetu.

Na wewe unayesoma hii ukiwa kwa matatu. Nenda. Panda gari hadi Luanda K'Otieno, vuka kwa feri hadi Mbita, kisha daraja hadi Rusinga. Tafuta mwenyeji akutembeze na umlipe vizuri. Ukiona kitu, piga picha, usikiokote. Sheria ya Makavazi na Turathi ya 2006 inalinda visukuku, na hata bila sheria, kisukuku kikitolewa mahali pake kinapoteza nusu ya hadithi yake. Mwite mtu wa makavazi. Kama uliacha masomo kama mimi, usidhani mlango umefungwa. Mimi nimejifunza zaidi kuhusu ikolojia miezi hii michache kuliko miaka miwili ya kunakili, na nimeanza kuulizia jinsi ya kurudi.

Nitarudi Rusinga mwezi wa nane. Nimeshampigia mamake yule msichana, nikamwomba anionyeshe mahali alipokiokota kile kitu. Huenda tusikipate. Huenda kilikuwa kokoto tu. Lakini akiniuliza tena kama ni tunda ama ni jiwe, sitakuwa na simu mkononi, na nitamwambia kwamba hapo kwao kuna vitu ambavyo ni yote mawili.